Kuandaa Ziara ya Njia ya Misafara

Ziara ya kimasomo ni mbinu yenye manufaa makubwa katika ufundishaji wa Historia, lakini mara nyingi hutumiwa ovyo. Wanafunzi hupelekwa mahali pa kale, huonyeshwa kuta, kisha hurudi bila kujua walikwenda kutafuta nini. Katika makala hii tutaeleza namna ya kuiandaa, kwa mfano wa njia ya misafara ya karne ya 19. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora, hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika: mwendo wa kilomita 1,200 hivi.

Kwanza, mwalimu hana budi kuchagua swali moja la kuongoza ziara. Sisi tunapendekeza hili: Ni watu gani waliopita katika njia hii, na walipita katika hali gani? Mwanafunzi akisikia habari za pembe za ndovu na watumwa, hudhani kuwa kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Sivyo. Wako waliofungwa minyororo na kupelekwa pwani kuuzwa, na uovu huo usilainishwe kwa maneno. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Tukiwachanganya, tunawanyima wapagazi heshima ya kazi yao, na papo hapo tunauficha ukatili waliotendewa watumwa.

Pili, mwalimu atangulie kwenda peke yake. Huko Bagamoyo achunguze Ngome Kongwe, jengo la Caravanserai, na misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo ilipokea watu waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa mwaka 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Shule zilizo mbali hazina haja ya kusafiri hadi pwani: walio karibu na Tabora waende Kwihara, na walio Kigoma waende Ujiji. Mwalimu aombe kibali cha wasimamizi wa mahali hapo, apate idhini ya wazazi, na apange usafiri, chakula, maji na sanduku la huduma ya kwanza.

Tatu, wanafunzi watayarishwe darasani. Wachore ramani ya njia. Waambiwe kuwa mpagazi alibeba kilo 30 hivi, kisha wapime mahindi ya uzito huo na kuyatazama. Wakokotoe: kama msafara ulikwenda kilomita 15 kwa siku, ungefika Ujiji baada ya siku ngapi? Watapata 80. Hapo waelezwe kuwa Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Tabora Novemba, nao wajadili mambo yaliyochelewesha misafara: maradhi, mvua, uhaba wa chakula, na hongo iliyotozwa na watawala wa njiani.

Nne, wakiwa ziarani wagawanywe katika makundi madogo, kila kundi na kazi yake. Daftari ligawanywe sehemu mbili: "Niliyoyaona" na "Niliyoambiwa". Kwa njia hiyo watajifunza kupima ushahidi, maana kuta hazielezi kila kitu, na maelezo ya kiongozi hayathibitishwi yote na kuta.

Tahadhari moja haifai kusahauliwa. Huenda darasani wamo watoto ambao mababu zao walikuwa watumwa, na wengine ambao mababu zao waliwauza. Mwalimu asimwulize mtoto asili ya ukoo wake mbele ya wenzake, wala asiruhusu mzaha wa aina hiyo. Katika igizo pia, asiwepo mtoto wa kufungwa kamba.

Mwisho, siku ya pili darasani, lile swali la kwanza liulizwe tena, na kila mwanafunzi aandike jibu lake. Wakiweza kutofautisha mpagazi na mtumwa, na kutaja ushahidi wao, ziara imetimiza lengo. Wasipoweza, mwalimu arudie somo kabla ya kuendelea na mada nyingine.