Darubini Kubwa Husimama kwenye Maungio

Kwenye uwanda wa Chajnantor, kaskazini mwa Chile, zimesimama antena 66 zinazofanya kazi kama darubini moja. Kituo hicho, ALMA, kilizinduliwa Machi 2013 baada ya takriban miaka kumi ya ujenzi na gharama ya kama dola bilioni 1.4 za Marekani. Wageni husifu uhandisi wake, na unastahili sifa. Lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuwafanya Wazungu wa Ulaya, Wamarekani na Wajapani, kila upande na hazina yake na sheria zake za manunuzi, wajenge chombo kimoja.

Mahali penyewe hapasamehe. ALMA hupokea mawimbi mafupi ya redio ambayo mvuke wa maji hewani huyameza, kwa hiyo ilibidi kutafuta pakavu na pa juu sana. Chajnantor iko mita 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari, sawa na kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya. Hewa ni nyepesi na akili ya mtu huchoka upesi. Ndiyo maana viongozi wa mradi waliamua antena ziunganishwe na kujaribiwa kwenye kambi iliyo mita 2,900, zipandishwe juu zikiwa tayari. Uamuzi huo uliokoa muda, na zaidi ya muda, ulilinda afya za mafundi.

Sasa tuitazame antena moja. Ina uzito wa takriban tani 100, na sinia yake lazima ibaki na umbo sahihi kwa usahihi wa sehemu ndogo kuliko unene wa unywele, iwe juani au kwenye baridi ya usiku. Gari lenye magurudumu 28 huibeba kilomita 28 za mlima na kuiteremsha juu ya msingi wa zege kwa usahihi wa milimita chache. Misingi ipo 192, kwa sababu antena huhamishwa: wakati mwingine hukusanywa karibu karibu, wakati mwingine hutawanywa hadi umbali wa kilomita 16. Antena hizo zilitengenezwa na wakandarasi watatu tofauti, 25 kwa zabuni ya Amerika Kaskazini, 25 kwa zabuni ya Ulaya na 16 kutoka Japani. Gari ni lilelile na misingi ni ileile. Mkandarasi mmoja akisogeza boliti kidogo tu, kazi ya miaka inakwama mlimani.

Hapo ndipo kiongozi wa mradi wa namna hii hupimwa. Kila kiwanda kinaijua vizuri sehemu yake, ila pale sehemu mbili zinapokutana huwa hapana mwenyewe. Dawa yake ni hati ya maungio: karatasi inayotaja boliti zikae wapi, umeme uwe kiasi gani, data ipite kwa waya upi, na nani atapima. Pande zote mbili huitia saini, na hakuna anayeruhusiwa kuibadilisha peke yake. Ni kazi isiyopigiwa makofi, lakini isipofanywa mapema, gharama yake hulipwa kileleni.

Fedha nazo zinataka kiongozi anayeielewa sayansi. Mpango wa mwanzo wa Ulaya na Amerika Kaskazini ulikuwa antena 64. Mwaka 2005, gharama zilipopanda, mpango ulipitiwa upya na idadi ikashuka hadi 50. Kwa haraka utaona zimepungua 14 tu. Lakini darubini ya aina hii hupima kwa jozi za antena: 64 hutoa jozi 2,016, na 50 hutoa 1,225. Karibu asilimia 40 ya jozi ziliondoka. Mhasibu pekee hawezi kuamua jambo hilo, wala mwanaastronomia pekee. Antena 16 za Japani zilikuja kuongeza nguvu, na ALMA ikawa chombo bora cha aina yake duniani. Somo ni kwamba kiongozi aandae akiba ya dharura tangu siku ya kwanza, pamoja na orodha ya vitu vinavyoweza kupunguzwa bila kuua lengo.

Lipo pia suala la kuanza na kinachochelewa. Kioo cha mita 8.4 cha darubini ya kituo cha Rubin, nacho huko Chile, kilimiminwa Arizona mwaka 2008 kwa msaada wa fedha za wafadhili binafsi, miaka sita kabla ya serikali ya Marekani kuidhinisha ujenzi. Wangesubiri idhini, mlima wote ungekaa ukingojea kioo.

Na kuna ungio moja ambalo wahandisi hulisahau: kati ya mradi na wenyeji. Huko Hawaii, kwenye mlima Mauna Kea, Mahakama ya Juu ilifuta kibali cha darubini ya mita 30 Desemba 2015, kwa kuwa kilitolewa kabla ya pingamizi kusikilizwa. Kibali kipya kilipita mahakamani mwaka 2018, na mwaka uliofuata wazee wa Kihawaii wakakaa barabarani kuulinda mlima wanaouheshimu. Darubini haijajengwa. Wenyeji wasikilizwe wakati mpango bado unaweza kubadilika, la sivyo hawakusikilizwa.

Haya yanatuhusu. Afrika Kusini inajenga sehemu yake ya darubini ya SKA, ambamo sinia 64 za darubini ya MeerKAT zilizozinduliwa mwaka 2018 zitaungana na sinia mpya 133, na Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika safari hiyo. Vyuo vyetu vinafundisha fizikia na uhandisi. Vifundishe pia uongozi wa miradi, usimamizi wa mikataba na majadiliano na jamii, ili vijana wetu wakae kwenye meza inapotiwa saini hati ya maungio, kwa sababu hapo ndipo darubini huamuliwa.