Misuli haina kumbukumbu: Kabla hujaipeleka baiskeli Usambara

Masika yakikatika, maswali ya wasomaji kuhusu baiskeli huanza kumiminika, na karibu yote ni swali lilelile kwa maneno tofauti. Mtu amezoea lami na njia laini za msituni, amebakiza wiki sita kwenda na wenzake kutoka Lushoto hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara, na anataka kujua atawezaje miteremko ya udongo mwekundu, mawe na mizizi. Wa Nairobi huuliza hivyohivyo baada ya kuuzoea msitu wa Karura. Wengi wamekwisha kupewa jibu na marafiki: tafuta mteremko mgumu kuliko yote iliyo karibu nawe, ushuke kila Jumamosi mpaka woga uishe. Ushauri huo ni mbovu. Ni wa hatari, hilo linajulikana, lakini kasoro yake kubwa zaidi ni kwamba haufundishi. Wiki sita zinatosha kabisa kumbadilisha mwendeshaji, ila zinamtosha anayezigawa, si anayezirundika.

Uzushi unaozaa ushauri huo ni kwamba misuli hukumbuka, kwa hiyo ukiishindilia kazi ngumu siku moja itashika. Ni kweli kwamba msuli uliowahi kufanyishwa mazoezi hurudisha unene wake upesi kuliko msuli mgeni, lakini ustadi haukai humo. Unapoinamisha baiskeli kuingia kona, ubongo hautumi amri kwa mikono na viuno peke yake. Nakala ya amri hiyo huenda pia kwenye serebelamu, ile sehemu iliyo kisogoni, na huko hutengenezwa utabiri: sikio la ndani litahisi mwinamo kiasi gani, viganja vitapokea mtikisiko upi, macho yataona ardhi ikikimbia vipi. Taarifa halisi hufika baadaye, kwa sababu mishipa ya fahamu haina kasi ya nyaya za umeme. Mpaka ubongo utambue kwamba gurudumu la mbele limeteleza na mikono ianze kurekebisha, sehemu moja au mbili za kumi za sekunde zimeshapita, na kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa baiskeli imesogea kati ya nusu mita na mita nzima. Mzizi uliokutelezesha uko nyuma yako tayari. Hakuna anayeshuka mlima kwa kusubiri taarifa. Kila mtu hushuka kwa kubashiri, na mjuzi ni yule ambaye ubashiri wake haukosei sana.

Na hapo ndipo penye uhondo wenyewe. Ndani ya serebelamu kuna seli za Purkinje, ambazo kila moja hupokea taarifa kupitia viunganishi zaidi ya laki moja kutoka kwa nyuzi nyembamba zinazoeleza hali ya mwili na mazingira. Lakini seli hiyohiyo hupandiwa na uzi mmoja tu wa aina nyingine, unaoizunguka kama mtambaa unavyouzunguka mti. David Marr mwaka 1969, na James Albus mwaka 1971, walipendekeza kwamba uzi huo ndio unaobeba habari za kujifunza. Mwaka 1982 Masao Ito na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba uzi huo ukiamka pamoja na zile nyuzi nyembamba, viunganishi vilivyokuwa kazini wakati huo hudhoofika. Kwa maneno mengine, ubongo hujifunza kwa kufuta. Kila kosa huchakaza kidogo njia iliyolileta, na kinachobaki baada ya makosa mamia ndicho tunachokiita wepesi. Watafiti wa leo wanabishana kuhusu mengi katika picha hii, na pengine ni viunganishi vingi zaidi vinavyobadilika kuliko vile vya Ito, lakini kwamba tofauti kati ya utabiri na tukio ndiyo inayofundisha, hilo limesimama imara.

Ukilikubali hilo, utaona kwa nini mteremko wa kutisha ni mwalimu mbaya. Kosa hufundisha pale ubongo unapoweza kulihusisha na amri fulani. Anayeanguka kwenye ngazi ya mawe yenye maji, huku breki zimekazwa, macho yametazama tairi na magoti yamekakamaa, amefanya makosa manne kwa mpigo, na ubongo wake hauna namna ya kujua lipi lilimwangusha. Mwaka 1997 Florian Kagerer na wenzake waliwapa watu kazi ya kuchora wakitazama skrini iliyopotoshwa mwelekeo kwa nyuzi 90. Waliopotoshewa kidogokidogo, nyuzi kumi kwa kumi, walizoea kikamilifu zaidi kuliko waliokabidhiwa nyuzi zote 90 kwa ghafla. Mtu atasema kalamu na skrini si baiskeli na mlima, na atakuwa na haki: hakuna anayeweza kuchukua vipimo vile akavipandisha Usambara kama vilivyo. Lakini kanuni inaelekea upande uleule ambao waalimu wazuri wa michezo huufuata, na anayedai kwamba mlimani mambo hugeuka ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Wengine hukumbusha kwamba watoto hujifunza kwa kuanguka. Watoto ni wepesi, huanguka kutoka kimo kifupi, tena kwa mwendo mdogo. Maanguko yao ni makosa madogo. Mtu wa kilo 80 anayenyoosha mkono kujikinga anaweza kuvunja kifundo cha mkono au mtulinga, na wiki zake sita zikaishia kwenye plasta.

Suala la pili ni mgawanyo. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya majaribio kwa wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliofundishwa saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliofundishwa saa nne kwa siku, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Cha kuchekesha ni kwamba hao wa saa moja ndio waliokuwa na manung'uniko zaidi, kwa kuwa walijiona wanakwenda polepole. Mwaka mmoja baadaye John Shea na Robyn Morgan waliona jambo la ukoo huohuo: waliochanganya mifuatano mitatu ya miondoko walionekana wabovu wakati wa mazoezi kuliko waliorudia mmoja mpaka uishe, lakini walipopimwa baada ya siku kumi walikuwa bora. Hisia ya kuiva, basi, si kipimo cha kuiva. Anayeshuka mteremko mmoja mara ishirini Jumamosi hurudi nyumbani akijiona bingwa, na kweli ni bingwa, wa mteremko ule, jioni ile. Na mteremko wa Mtae hajawahi kuuona.

Kuna pingamizi zito zaidi: kwamba mwili huzoea kile hasa unachofanyishwa, kwa hiyo anayekwenda kwenye mizizi lazima apande mizizi. Ni sahihi, ila mizizi ipo hata mahali pa tambarare. Ngazi ya mawe yenye kimo cha sentimita 20, ikiwa na nyasi chini yake, humtaka mwendeshaji afanye mambo yaleyale anayotakiwa kuyafanya kwenye ukingo wa korongo: kusimama juu ya pedali, kukunja viwiko, kurudisha makalio nyuma, kutazama mbele. Kilichopungua ni adhabu tu.

Sasa hili la breki ya mbele, ambalo nimechoka kulisikia. Eti usiiguse, itakupindua. Unapopunguza mwendo uzito huhamia gurudumu la mbele, na ndiyo maana breki hiyo ndiyo yenye nguvu kubwa kuliko zote ulizonazo. Anayeiacha anashuka Usambara kwa breki ya nyuma inayoburuza tairi. Kinachopindua ni kuibana ghafla huku umekaa juu na mbele. Ibane taratibu, mwili ukiwa chini na nyuma, kabla ya mzizi wala si juu yake, kwa sababu mzizi uliolowa hauna cha kushika. Na kabla hamjaniandikia kwamba mzunguko wa magurudumu ndio unaoisimamisha baiskeli: mwaka 2011 watafiti wa Delft na Cornell walionyesha baiskeli iliyoondolewa athari hiyo ambayo bado ilijisimamisha yenyewe ikiwa mwendoni.

Kuhusu wauza dawa za "kuongeza balansi", sina subira nao. Mwaka 2010 nchini Australia wauzaji wa bangili za Power Balance walikiri hadharani kwamba hawakuwa na ushahidi wa kisayansi unaoaminika, lakini bangili za namna hiyo zingali zinauzwa mitaani kwa majina mapya, pamoja na sharubati za kuondoa woga. Wabaya zaidi ni wanaoshauri kumeza diklofenaki kabla ya safari ili usisikie maumivu: dawa hiyo kwa mtu aliyepungukiwa na maji huzitesa figo, na maumivu ni taarifa unayoihitaji.

Kwa kifupi, basi: siku nne kwa wiki, nusu saa au dakika 40, ukichanganya kona, ngazi ndogo na breki, lala vya kutosha, ongeza ugumu pale tu unapofaulu karibu kila mara, wiki ya mwisho punguza. Mikono ikianza kufa ganzi, simama, legeza vidole, kisha kagua kama siti imeinamia mbele na kukusukumia uzito wote viganjani. Kofia ngumu iliyokwisha kupigwa chini isivaliwe tena. Aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, hata kwa dakika moja, haendeshi tena siku hiyo, na apelekwe hospitali. Na kwa kuwa udongo utakaokukwaruza umepitiwa na ng'ombe na mbuzi, ulizia lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho.