Kovu la Lini?

Januari 2013, katika mnada uliofanyika New York, sarafu ya dola moja ya Marekani ya mwaka 1794 ilinunuliwa kwa dola 10,016,875. Hakuna sarafu iliyokuwa imewahi kuuzwa ghali kiasi hicho. Lakini aliyeisogeza karibu na jicho aliziona kasoro zake waziwazi: michirizi ya tupa usoni na, katikati kabisa, kipande kidogo cha fedha kilichopachikwa. Kampuni ya PCGS ya California, ambayo kazi yake ni kupima sarafu na kuzipa madaraja, iliipa 66 kati ya 70.

Sasa ichukuliwe dola ya Morgan, ile iliyoanza kufuliwa mwaka 1878. Haina jeraha linaloonekana kwa haraka, ila mwenyewe aliisugua siku moja kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia vyombo ili ipendeze. Hiyo itarudi kutoka kwa wapimaji bila namba yoyote. Lebo yake itasema kwamba ni sarafu halali iliyosafishwa, na bei itaporomoka.

Anayeona uonevu hapo hajalijua swali ambalo mpimaji huanza nalo: kovu hili ni la lini? Ukubwa wake hufuata baadaye. Mwaka 1794 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa kichanga, na sheria ilidai kila dola iwe na uzito uliowekwa. Kisahani kitupu cha fedha kikizidi uzito, mfanyakazi alikipunguza kwa tupa. Kikipungua, alikitoboa na kukipachika nyongeza. Ndipo kikawekwa chini ya mhuri. Michirizi ile na kiraka kile vilikuwapo kabla kisahani hakijawa dola, kwa hiyo havihesabiwi kuwa uharibifu. Tupa hiyohiyo ikipitishwa leo kwenye ukingo wa sarafu, hata mara moja tu, sarafu imeharibika.

Kipimo chenyewe cha 1 hadi 70 kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon, aliyekichapisha mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Kilienea duniani baada ya PCGS kuanza kazi mwaka 1986 na NGC, kampuni nyingine ya upimaji, kufuata mwaka 1987, zote mbili zikifungia sarafu ndani ya makasha ya plastiki. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu zisizowahi kupita sokoni. Chini ya hapo kuna kuchakaa, na kuchakaa si aibu. Sarafu ilifuliwa ipite mikononi mwa watu. Herufi zake zikilainika inashuka daraja, lakini hainyimwi namba.

Hata michubuko iliyopatikana baada ya mhuri ina msamaha wake. Dola za Morgan zilitiwa kwenye magunia ya sarafu 1,000, zikigongana kila gunia lilipobebwa au kutupwa sakafuni. Kinachoangaliwa ni wingi wa michubuko na mahali ilipo. Uliojificha ndani ya manyoya ya tai hauumizi sana. Huohuo ukikaa kwenye shavu la mwanamke wa upande wa pili, mahali peupe ambapo jicho hutua kwanza, unaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya 66 na 64. Hapa, lazima isemwe, upimaji ni jicho la mtu kuliko sayansi. Ndiyo maana sarafu moja hukaguliwa na mtu zaidi ya mmoja, na ndiyo maana wapo wafanyabiashara wanaovunja makasha na kuzipeleka sarafu zao tena wakitumaini namba nzuri zaidi.

Kusafisha ndiko kunakoua. Mhuri unaposhuka kwa nguvu, metali husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha vijistari vidogo mno usoni mwa sarafu. Hivyo ndivyo vinavyoufanya mwanga uzunguke sarafu inapogeuzwa chini ya taa. Kitambaa huvikwangua, tindikali huviyeyusha. Sarafu hubaki ikimeta, lakini mmeto wake ni wa sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa mchanga, na mpimaji akiigeuza polepole huona mikwaruzo myembamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake wa kasoro iliyozaliwa kiwandani. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wameifunga njia ya bahari, utawala wa Wajerumani ulifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja una tembo, na nyuma yake mlima. Zilitoka kama elfu kumi na sita, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kwa kuwa zilifuliwa kwa mitambo ya dharura, hazikupigwa zote sawasawa. Mpimaji mzoefu akikuta sehemu hafifu haharakishi kusema imechakaa. Hutazama kama pale palipo hafifu bado pana mng'ao wa asili. Akiukuta, kosa ni la karakana.

Adui wa tembo wa Tabora ni sonara. Dhahabu yenye picha nzuri namna ile inatamanisha kuvaliwa, na baadhi zilitiwa kwenye vidani na bangili. Baadaye kitanzi huondolewa, lakini ukingoni hubaki doa la lehemu, au palipopitishwa tupa kulificha. Upana wa milimita mbili unatosha kuinyima sarafu namba.

Kanuni hii ya kuuliza kovu ni la lini ina mwanya wake. Dola ya Biashara, ambayo Marekani ilianza kuifua mwaka 1873 kwa ajili ya soko la China, mara nyingi imegongwa mihuri midogo na wafanyabiashara wa Kichina waliothibitisha ubora wa fedha yake. Ni majeraha ya makusudi, tena ya baada ya kiwanda. Hata hivyo PCGS huzipa dola hizo namba kamili na kuitaja mihuri kwenye lebo, kwa sababu zilijeruhiwa zikiwa katika kazi iliyokusudiwa. Sonara wa kidani angeweza kutetewa kwa hoja inayokaribiana na hiyo, ila soko halijamsikiliza.

Kwa sarafu za kale za Ugiriki na Roma, NGC huiacha kabisa ile namba ya 70. Pamoja na daraja la kuchakaa, hutoa alama mbili za 1 hadi 5, moja ya upigaji na moja ya hali ya uso. Sarafu ya fedha ya Athens yenye bundi, iliyokatwa kwa patasi zamani zile kujua kama ndani ni fedha tupu, huandikiwa mkato huo kwenye lebo. Utaratibu huu ni wa haki zaidi: mnunuzi anaambiwa kilichotokea, kisha anaamua mwenyewe.

Msomaji ambaye sanduku la bibi yake lina pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar za mwaka 1299 Hijria, rupia za Mjerumani au, kwa bahati, tembo wa Tabora, asiziguse kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Azishike ukingoni, asiziweke kwenye mifuko laini ya plastiki inayoacha utando wa kijani, na aziache na weusi wake mpaka anayezijua azione.