Migingo: Jiwe la Kenya, Samaki wa Nani?

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na wateja wangu wengi wako Kampala. Malori yao yanapita hapa Changamwe usiku na mchana yakielekea Malaba. Aprili 2009 simu zao hazikukatika. Vijana wa Kibera walikuwa wameng'oa reli ya kwenda Uganda kwa hasira ya kisiwa cha Migingo, na kila mteja alitaka kujua kisiwa hicho kina nini hata mzigo wake ulale njiani.

Migingo ni jiwe la karibu nusu eka ndani ya Ziwa Victoria. Dereva mmoja alinionyesha picha yake kwenye simu: mabati yamebanana mpaka ukingoni mwa maji kama gamba la kobe, na vichochoroni mtu apita ubavu ubavu. Jirani yake kuna kisiwa cha Usingo, kikubwa zaidi, na karibu hakina watu.

Mwaka 2004 polisi wa Uganda walipiga hema pale, wakapandisha bendera na kuanza kuwatoza wavuvi. Wengi wa wavuvi hao ni Wakenya. Ramani yenyewe haina utata: mpaka uliowekwa na Waingereza 1926, ambao Katiba ya Uganda ya 1995 imeurudia, unakiacha kisiwa upande wa Kenya kwa kama nusu kilomita. Mei 2009 Rais Museveni mwenyewe alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila maji, akashikilia, ni ya Uganda.

Hapo ndipo penye kesi. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lile, na samaki wakubwa aina ya mbuta wako kwenye maji ya kina, ng'ambo ya mpaka. Bondo la mbuta, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, husafirishwa hadi China kwa bei inayoishinda nyama. Mvuvi akiwasha mashine Migingo, punde tu keshavuka, na majini hakuna kigingi cha kumwonyesha. Akikamatwa, samaki na nyavu vimekwenda.

Sasa, kontena la Kampala linatoka Kilindini kwa karatasi zinazotambuliwa na nchi zote mbili, na hakuna anayeuliza lami ya Changamwe ni ya nani. Mvuvi naye ana haki ya leseni ya namna hiyo, moja, inayoheshimiwa pande zote. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lipo Jinja, liliundwa kwa mkataba wa 1994, na Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama. Leseni hiyo ianzie pale.