Komoro ilingoja harusi, Kariakoo ilingoja wateja

IFIKAPO Julai, ndege zinazotua Hahaya, kaskazini mwa Moroni, kwa kawaida hujaa Wakomoro wanaorudi likizo kutoka Ufaransa, hasa Marseille. Wenyeji wamewapa jina la Kifaransa, "je viens", yaani "naja". Huja na mizigo na fedha, na wengi huja kuoa au kuozesha.

Mwaka 2020 hawakuja. Safari za ndege za abiria zilisitishwa Machi, kabla nchi haijatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona Aprili 30. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, harusi zikiwamo. Sala za jamaa zilizuiwa hata ndani ya Ramadhani, na usiku watu wakatakiwa kubaki majumbani. Juni, Saudi Arabia nayo ikatangaza kuwa Hija ya mwaka huo ni ya waliomo ndani ya nchi hiyo tu.

Kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Zanzibar, habari hizi hazikuwa za mbali. Wanunuzi wengi wa Moroni, wakiwamo akina mama wanaouza soko la Volo Volo, hawazoei kuagiza mali wasiyoiona. Hupanda ndege wenyewe, hulala nyumba za wageni za Kariakoo, hushika kitambaa kwa mkono na kupatana bei. Mzigo hufuata baadaye kwa meli. Ndiyo maana kuruhusu meli za mizigo peke yake hakukutosha: mzigo uliweza kuvuka, lakini mwenye kuununua alikwama nyumbani.

Ada na soko

Harusi kubwa ya Ngazidja, inayoitwa ada, si sherehe ya siku moja. Mwanamume huiwekea akiba kwa miaka, wakati mwingine nusu ya umri wake. Akiisha kuitimiza ndipo huhesabiwa mtu mzima kamili, mwenye haki ya kusema mbele ya wenzake kwenye bangwe, uwanja wa mji ambako mambo huamuliwa. Asiyeitimiza, hata awe na shahada, husikiliza zaidi kuliko kusemea.

Ada huendesha soko. Dhahabu, vitambaa, samani, ng'ombe wa kuchinja na mchele wa kulisha mji mzima hununuliwa ndani ya miezi michache, na sehemu ya mali hiyo hutoka Tanzania na Dubai. Harusi zikisimama, anayeumia si bwana harusi peke yake. Yumo fundi cherehani, mpiga twarab, mpishi, na muuza vitenge wa mtaa wa Kongo.

 Ufaransa ilifunga shughuli kuanzia Machi 17 hadi Mei 11, na wengi wanaotuma pesa nyumbani hufanya kazi ambazo haziwezekani kufanywa kwa kompyuta sebuleni.

Mlango mmoja wazi

Tanzania ilisitisha safari za ndege za kimataifa Aprili 11 na kuziruhusu tena Mei 18. Lakini njia ina ncha mbili, na ncha ya Moroni ilikuwa bado imefungwa. Tanzania ilikuwa haijatoa takwimu za wagonjwa tangu mwishoni mwa Aprili, jambo lililowatia majirani wasiwasi. Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria Mei 16, ikayaacha malori ya mizigo.

Komoro ilikuwa na sababu zake za kuogopa. Ni nchi ya watu wasiofika milioni moja, yenye hospitali chache. Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa kiasi cha kilomita 70 kutoka Anjouan, kilipata wagonjwa wengi. Vijiboti viitwavyo kwassa-kwassa, ambavyo miaka yote huvusha watu kwa siri kwenda Mayotte, safari hiyo vilionekana pia vikirudisha watu Anjouan.

Anga ingefunguliwa

Matumaini yalikuwapo, kwa kuwa ada haifutwi. Huahirishwa. Familia zilizokosa msimu huo zingeutafuta uliofuata, na huenda harusi za miaka miwili zingebanana ndani ya mmoja. Mwenye duka alikuwa na sababu ya kutunza namba za wateja wake wa Moroni.

Lakini yalikuwapo mawili ya kuangalia. Bandari ya Moroni ina kina kifupi. Meli kubwa hutia nanga nje na mizigo hushushwa kwa matishali. Wote wangetuma kwa pamoja, foleni ingekuwa ndefu. Mutsamudu, Anjouan, ndiko kwenye kina kirefu.

La pili lilikuwa madeni. Aliyetoa mali kauli mwezi Februari alimdai mtu ambaye hakuwa ameuza kitu tangu Machi. Kama angembana wakati huo, huenda angelipwa kidogo na kumpoteza mteja. Kama angempa muda, angeuweka rehani mtaji wake kwa harusi ambayo tarehe yake haikujulikana. Huko Kariakoo, hesabu hiyo kila mmoja aliipiga peke yake.