Msuka wa Jembe la Kale

Kijana mmoja wa huku Ufipa, aliyeazima chombo kile kiliacho kinapopita juu ya madini, alikipitisha katika shamba la shule, akachimbua kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, urefu wake yapata shibiri. Upande mmoja ni mwembamba, una pembe nne, nao huzidi kuchongoka hata mwisho. Upande wa pili umetanuka na kuwa bapa, kisha umevunjika. Walimu watatu walikitazama: mmoja alisema ni mkuki, wa pili tupa, wa tatu takataka.

Sisi tulianza kwa kosa. Tulimruhusu kijana agonge kutu kwa nyundo, na katika magamba yaliyoanguka tukaona nyuzi za mti. Maana mti uliokaa na chuma kiozacho hunywa kutu yake, ukageuka kuwa kama jiwe, na umbo lake likabaki. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa mpini, nasi tulikwisha kuuvunja. Chuma cha namna hii kisigongwe wala kutiwa motoni. Kipanguswe udongo kwa brashi laini, kiwekwe pakavu.

Hata hivyo kilichosalia chatosha. Tupa haitanuki kuwa bapa jembamba. Mikuki mingi ina tundu la kupokea mti wake. Mkia wa kisu ni mwembamba, lakini huu ni mnene, na katikati ya bapa umeendelea mgongo kama uti wa jani, uliofuliwa kusudi chuma kisipinde. Hiki ni kipande cha jembe, na mkia wake ndio uitwao msuka.

Vijana wetu hawalijui neno hili, wala si ajabu. Katika jembe la dukani mti huingia katika chuma. Katika jembe la kale chuma huingia katika mti. Mpini ulichongwa wenye kichwa kinene kama rungu, kikatobolewa kwa chuma cha moto, na msuka ukapigiliwa humo. Kwa kuwa umechongoka, kila pigo la mkulima lilizidi kuukaza. Shoka na tezo nazo zilitiwa mipini kwa njia hiyo hiyo. Makali yakifuata mpini ni shoka, yakiukingama ni tezo.

Tena jembe halikuwa la kulimia tu. Wafipa walilitoa katika mahari, hata jembe lisilopata kugusa udongo likawa mali. Chuma chenyewe kiliyeyushwa katika ilungu, tanuri la udongo lipitalo kimo cha mtu, lililovuta upepo peke yake kwa mabomba ya udongo yaliyopangwa chini, pasipo mivukuto. Kisha kilisafishwa katika kitanuri kidogo chenye mivukuto, ndipo kikafikia nyundo ya mhunzi. Kazi hiyo ilififia majembe ya Ulaya yalipojaa madukani.

Tulimwuliza kijana alikipata wapi hasa, akatuonyesha shamba zima kwa mkono! Hakuweka alama, naye hakujua kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka kibali kwa mtu atakaye kuchimbua vitu vya kale. Tukatembea naye polepole, macho chini, mpaka akautambua mchungwa alioupumzikia. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mavi ya chuma, meusi na mazito, na kipande cha bomba la udongo ambalo mdomo wake umeyeyuka ukang'aa kama kioo.

Hatukuchimba. Tulipima kutoka mchungwa ule, tukachora ramani ndogo, tukamwomba msimamizi wa shamba asipitishe plau upande huo, na habari tumeipeleka kwa afisa utamaduni wa wilaya. Msuka umo katika kisanduku pamoja na yale magamba yenye nyuzi, tuliyoyaokota moja moja sakafuni.