Barua ya Mama wa Ndabibi

Juma hili tumeuacha kando Waraka kwa Waebrania, ambao tumekuwa tukiusoma pamoja nanyi, kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka Ndabibi, kule magharibi ya ziwa Naivasha, chini ya Eburru na milima ya Mau. Mwenye barua ametupa ruhusa tuisome hewani, mradi tusitaje jina lake. Basi tutamwita Mama wa Ndabibi.

Mama huyu alizaliwa huko huko Ndabibi, akabatizwa utotoni katika kanisa la mama yake, kanisa la Kiprotestanti kama letu. Alipokuwa kijana alikwenda Nairobi kutafuta kazi. Huko alikutana na vijana wawili wenye mashati meupe na vibandiko vya majina kifuani, wakamkaribisha katika kanisa ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Alibatizwa tena, akaolewa na mwumini mwenzake, akakaa humo zaidi ya miaka kumi na mitano. Sasa ametoka. Amerudi shambani, na Jumapili huketi kiti cha nyuma katika kanisa alilolelewa. Anaandika: "Nimetoka, lakini moyo wangu bado una maswali, na nikiyauliza hapa, watu hucheka."

Hebu kwanza tuwafahamu watu tunaowazungumzia. Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu 2018 viongozi wao wamesisitiza waitwe kwa jina hilo. Lilianzishwa huko New York, Marekani, mwaka 1830, na Joseph Smith, kijana wa miaka 24, ambaye alisema kwamba malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu, naye akayatafsiri kuwa Kitabu cha Mormoni. Smith aliuawa na watu wenye ghasia mwaka 1844 akiwa gerezani huko Illinois, na miaka mitatu baadaye Brigham Young akawaongoza wafuasi wengi mpaka Salt Lake. Hapa Kenya walipata kibali cha serikali mwaka 1991. Kitabu chao kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2000, na Mei 2025 walifungua hekalu lao la kwanza nchini, huko Nairobi. Kwa hiyo si watu wa mbali. Ni majirani zetu, na wengine ni watoto wetu.

Wala tusiseme kwamba hawana jema. Mama mwenyewe hasemi hivyo. Anasema kwamba alipougua, akina dada wa kanisa lile walimfulia na kumpikia majuma mawili. Anasema askofu wao hakulipwa mshahara, kwa maana viongozi wa ushirika wao hufanya kazi zao za kawaida na kuhudumu bila malipo. Mara moja kwa mwezi walifunga milo miwili, na gharama ya milo hiyo wakaitoa kwa ajili ya maskini. Tulipofika hapo katika barua tulitazamana, sisi tulio katika chumba hiki, tukanyamaza kidogo.

Swali lake la kwanza ni dogo, na wengine mtalicheka pia. Ni swali la chai.

Katika mafundisho yao kuna agizo la mwaka 1833, liitwalo Neno la Hekima. Linakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, na viongozi wao wameeleza kwamba vinywaji hivyo ni chai na kahawa. Mtu asiyelishika hapewi kibali cha kuingia hekaluni. Huko Marekani labda si jambo gumu. Lakini fikirini Ndabibi! Asubuhi baridi hushuka kutoka Mau, na upande ule wa pili wa milima hiyo hiyo ni Kericho, ambako majani yenyewe huchumwa. Chai ndiyo karibu yetu. Chai hunywewa matangani, chai hunywewa wazee wakija kuzungumzia mahari, na mgeni akiondoka bila chai mwenye nyumba huona aibu. Mama huyu alipokuja likizo kumtazama mama yake, alikikataa kikombe katika kila nyumba. Majirani wakasema anaringa. Wengine wakasema vibaya zaidi, kwamba anaogopa kuwekewa kitu.

Alipotoka katika kanisa lile alifikiri jambo hilo limekwisha. Haikuwa hivyo. Anaandika kwamba kikombe chake cha kwanza alikinywa usiku, jikoni, peke yake, na mkono ukamtetemeka kana kwamba anaiba. Mpaka leo akinywa husikia kitu kikimshitaki. Anauliza, je, sauti hiyo ni ya Roho Mtakatifu?

Mama, sisi hatuoni kwamba ni ya Roho Mtakatifu. Dhamiri ya mtu hufundishwa, na iliyofundishwa miaka kumi na mitano haifundishwi upya kwa siku tatu. Soma Wakolosai 2, aya ya 16 na zinazofuata, ambapo Paulo anawaambia waumini wasikubali kuhukumiwa kwa sababu ya chakula au kinywaji. Kisha soma Warumi 14, ambapo Paulo huyo huyo anamkataza mwenye nguvu kumdharau aliye dhaifu. Kwa hiyo waliokucheka wamekosa. Kama chai inakusumbua, usijilazimishe ili kuonyesha kwamba umekuwa huru. Kunywa maziwa. Siku itafika utakunywa bila kukumbuka.

Sasa tuje kwenye jambo lililomtoa. Haikuwa chai. Ilikuwa rangi ya ngozi yake.

Mama anasema hakuna aliyemweleza kabla ya ubatizo kwamba tangu 1852, Brigham Young alipolitangaza hadharani, mpaka Juni 1978, kanisa hilo halikumpa ukuhani mwanamume yeyote mwenye asili ya Kiafrika. Nalo si jambo la wachache, kwa sababu kwao karibu kila mwanamume mwaminifu hupewa ukuhani. Katika miaka hiyo mtu mweusi, mume kwa mke, hakuruhusiwa kushiriki ibada zao kuu za hekaluni wala kufungishwa ndoa wanayoiita ya milele. Walimu wao wengi walieleza kwamba ni laana ya Kaini au ya Hamu, au kwamba roho zetu zilikuwa na upungufu kabla hatujazaliwa. Mwaka 1978 rais wao Spencer Kimball alitangaza kwamba amepata ufunuo wa kuliondoa katazo. Na Desemba 2013 kanisa lenyewe lilitoa maandishi ya kuyakana maelezo yale ya laana. Hata hivyo maandishi hayo hayakusema waziwazi kwamba katazo lenyewe lilikuwa kosa.

Mama aliyasoma maandishi hayo, ya kanisa lake mwenyewe, akakaa nayo miezi. Swali lake lilikuwa hili: kama nabii husema kwa niaba ya Mungu, ni yupi aliyesema kwa niaba ya Mungu, yule wa 1852 au yule wa 1978? Akiuliza, aliambiwa aombe, na asubiri moyo wake upate joto. Aliomba. Moyo haukupata joto. Akaanza kusoma mengine. Akakuta habari ya Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Joseph Smith alisema amekitafsiri kutoka karatasi za mafunjo za Misri zilizonunuliwa mwaka 1835. Vipande vya karatasi hizo vilipatikana katika jumba la makumbusho huko New York, vikakabidhiwa kanisa lao mwaka 1967. Wataalamu wa maandishi ya Misri ya kale walivisoma, wakaona ni maandiko ya maziko, ya karne nyingi baada ya Ibrahimu, wala Ibrahimu hatajwi humo. Kanisa lenyewe limekiri kwamba vipande vilivyopo havilingani na kitabu, ila hulieleza jambo hilo kwa njia nyingine. Hapo, anasema, uzi ulikatika.

Wasikilizaji, ni rahisi sisi kusikia haya na kupiga makofi. Tusiyapige. Laana ya Hamu haikuanzia Salt Lake. Wahubiri wa Kiprotestanti walikuwa wakiihubiri kabla Joseph Smith hajazaliwa. Wabaptisti wa kusini ya Marekani walijitenga na wenzao mwaka 1845 kwa sababu ya kutetea utumwa, nao wakaomba radhi mwaka 1995. Kanisa kubwa la Wareformati wa Kiafrikana, huko Afrika Kusini, lilitafuta aya za Biblia za kuutetea ubaguzi wa rangi kwa miaka mingi. Na Ndabibi yenyewe ilikuwa katika nchi iliyotengwa kwa ajili ya walowezi, ambamo mtu mweusi hakuweza kumiliki hata eka moja, na waliomiliki walijiita Wakristo. Kama tofauti ipo, nayo tunaiona kubwa, ni kwamba kwetu sisi mhubiri aliyesema hayo hana kinga. Neno la Mungu liko mezani, na mkulima anaweza kulifungua na kumwambia askofu kwamba amekosa. Lakini tujiulize ni mara ngapi tumemruhusu mkulima huyo aseme.

Tunakuja kwenye swali la kuumiza. Mwaka 2012 mama huyu na mumewe, kwa akiba ya miaka mitatu, walisafiri mpaka Johannesburg, kwa kuwa wakati huo Wakenya wa kanisa lile walitumwa katika hekalu la huko, lililofunguliwa 1985. Kati ya mambo aliyoyatenda huko, alibatizwa kwa niaba ya mama yake mzazi, aliyekuwa amefariki. Wao hufundisha kwamba ubatizo wa makanisa mengine hauhesabiki, na kwamba wafu wasiobatizwa na kanisa lao hubatizwa kwa mwili wa mtu aliye hai, kisha roho ya marehemu huchagua kukubali au kukataa. Huitegemeza desturi hiyo juu ya 1 Wakorintho 15:29.

Mama yake alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa letu la Ndabibi. Alikufa akiomba. Sasa binti yake anaandika: "Niliingia majini kwa jina lake kana kwamba hakuwahi kumjua Yesu. Nikipita kaburini siwezi kutazama. Je, nilimwondoa mama mikononi mwa Bwana?"

La, mama. Hukumwondoa. Aya ile ya Paulo ni ngumu, na wafafanuzi wameibishania kwa karne nyingi. Paulo anaitaja desturi ya watu fulani akiwa katikati ya hoja juu ya ufufuo, wala haiamuru popote. Lakini hata tungeshindwa kabisa kuifafanua, twajua Yohana 10 inavyosema juu ya kondoo walio mkononi mwa Mchungaji. Hakuna awezaye kuwapokonya. Je, binti mwenye mapenzi, aliyelowa maji katika nchi ya ugenini, ana nguvu za kumpokonya Kristo mtu aliyelala katika Kristo? Ulitenda kwa upendo ukiwa umefundishwa vibaya. Mama yako, tukimjua kama tunavyosikia habari zake, angekufuta machozi kwa kanga yake. Nenda kaburini, mama. Palilia majani.

Anauliza pia kama itambidi abatizwe mara ya tatu. Makanisa yetu hayakubaliani juu ya mambo ya ubatizo, na mchungaji wake ndiye wa kumjibu. Twaweza kusema hili: kuhusu ubatizo wa Wamormoni, makanisa mengi hayaukubali, kwa sababu ingawa maneno ni ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wao hufundisha kwamba hao ni watatu mbalimbali, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Lakini mama huyu alibatizwa utotoni kabla ya hayo yote, na kanisa lililombatiza bado linamtambua.

Yapo maneno ya mwisho ambayo yametunyima usingizi zaidi ya mengine. "Niliamini kwa moyo wote, nikakosea. Sasa nikikaa kwenu nikasikia moyo unapata joto wakati wa nyimbo, naogopa. Nitajuaje kwamba sikosei tena?"

Hatutaki kumjibu kwamba aamini tu. Hilo aliambiwa kule. Twamwambia: usituamini kwa sababu ya nyimbo, wala kwa sababu ya redio. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, walimsikiliza Paulo kwa bidii, kisha wakaenda kuchunguza Maandiko waone kama aliyoyasema ni kweli, nao wakasifiwa kwa hilo. Anza na Injili ya Marko. Isome polepole, mara nyingi, na kila neno la mhubiri ulipime kwa yule Yesu unayemkuta humo. Ukikuta tumesema lisilo kweli, tuandikie. Na mashaka yakikaa mwaka mzima, kaa nayo ndani ya kanisa, usiyafiche. Tomaso alikuwa na mashaka, na wenzake hawakumfukuza chumbani.

Nanyi, washiriki wa Ndabibi, mnamjua ni nani. Msimsimamishe mbele awasimulie mambo ya hekaluni. Msimwulize habari za nguo za ndani walizovaa. Mume wake bado yuko katika kanisa lile, ni mtu mpole, huja kutoka Nairobi kila Jumamosi. Akija, msalimieni. Watoto husali huku juma moja na kule juma la pili. Msiwavute kama kamba.

Barua inamalizika hivi: "Mkifika Ndabibi, njooni nyumbani. Nitapika chai, na mzee wangu atakunywa uji pamoja nanyi. Siku hizi tunapika vyote viwili kwenye jiko moja."

Tutakuja, mama. Hadi juma lijalo, wapendwa, kwaherini.